Waliokuja kwa Ajili ya Jiwe

Jumapili, 3 Novemba

Mvua ya kwanza. Bati la jikoni limevuja palepale lilipovuja mwaka jana, nami nimeweka sufuria ileile.

Waliohudhuria: mimi.

Naona nieleze, maana daftari hili halikununuliwa kwa mambo yangu. Ni daftari la mahudhurio la kwaya ya kanisa letu hapa Kikula, mtaa wa Likasi, na mimi, Séraphin, mstaafu wa ofisi, niliyefiwa na mke bila mtoto, nimelishika kwa miaka ishirini na miwili. Kila zoezi niliandika tarehe, hali ya hewa (maana mvua huzaa visingizio), kisha waliohudhuria. Mwezi uliopita kamati iliniomba nipumzike. Macho yangu yamekuwa ya manjano na tumbo limetangulia mbele, na hapa Likasi mtu wa namna hiyo hahitaji daktari, jibu liko tayari: lutuku. Pombe ile kali sijaionja hata kwa ncha ya ulimi, na nina miaka sitini na mitatu. Bertin, rais wa kwaya, aliniambia kwa upole, akitazama viatu vyake, kwamba wamenunua daftari jipya. Hili la zamani hakuna aliyelidai. Lina kurasa sitini tupu.

Tuna kanuni kwamba mwimbaji akiugua, kwaya nzima inakwenda kwake, inaimba, inaleta unga na makala, mkaa wa kupikia. Isipokuwa kama ni ugonjwa wa kujitafutia. Kifungu hicho kiko ukurasa wa 41, kwa mwandiko wangu mzuri.

Jumanne, 5 Novemba

Mvua. Waliohudhuria: mimi, na kuku wa jirani.

Jumamosi, 9 Novemba

Siku ya zoezi. Upepo ulikuwa unatoka upande wa kanisa, basi nikasikia yote nikiwa nimeketi mlangoni. Besi wamebaki wawili na mmoja wao hasikii kwa sikio la kulia. Wimbo wa tatu ulianguka katikati kama nilivyojua utaanguka. Nilifurahi, kisha nikaona aibu, kisha nikaimba sehemu yangu peke yangu hadi mwisho. Mwanabibi, jirani anayeuza makala ng'ambo ya barabara, alizima redio yake ili anisikilize, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu ahamie hapa.

Waliohudhuria: mimi.

Alhamisi, 14 Novemba

Mwili unawasha mpaka nyayo. Mkojo una rangi ya chai ya rangi. Bukari, ugali wetu, haipiti. Maumivu chini ya mbavu za kulia yanakuja na kuondoka bila kubisha hodi.

Jumatano, 20 Novemba

Nimefanya upumbavu. Kuna mama mmoja wa kwetu Kasai, upande wa reli, anayechanja watu chale na kupaka dawa ya unga mweusi. Alinichanja sita tu, ndogo, chini ya mbavu. Wengine hutoka pale na chale zao hukauka kabla ya kufika barabarani. Mimi nilifika nyumbani shati limelowa. Nikabadili la pili, nalo likalowa. Ilikuwa saa mbili asubuhi. Hata saa kumi jioni chale mbili zilikuwa bado zinatoa damu polepole bila haraka yoyote.

Nilianika mashati nyuma ya nyumba. Mwanabibi aliyaona. Ni mwanamke mwenye sauti ya kuitia watu sokoni, na hakuipunguza.

"Papa Séra, ile damu ni ya nini?"

Nikamwambia ni chale. Akaniuliza nimechanjwa saa ngapi. Nikamjibu. Akahesabu vidoleni, kisha akaondoka bila kuaga. Nikasema moyoni, haya, kesho mtaa wote utajua.

Alhamisi, 21 Novemba

Mtaa haukujua. Alichofanya ni kumtuma mwanawe Idrissa, dereva wa taxi-bus, asimame mlangoni kwangu saa kumi na mbili asubuhi na injini ikinguruma. Nikakataa kupanda. Mwanabibi akavuka barabara akiwa amejifunga kitenge kifuani.

"Najua weye haukunywaka," akasema. "Bwana yangu naye hakukunywaka, hata tone. Damu yake ilikuwa vilevile, haisimame. Panda."

Nikapanda. Miaka kumi nimemwona mtu wa makelele tu, na leo ndiye wa kwanza kusema sinywi.

Jumanne, 26 Novemba

Majibu ya hospitali. Daktari Hilaire ni kijana mstaarabu, anasoma karatasi mara mbili kabla ya kufungua mdomo. Picha zimeonyesha mambo mawili na kila moja limeandikwa kwenye ukurasa wake.

"Iko mambo mbili, Papa," akasema. "Ya kwanza ni jiwe mu mrija ya nyongo. Ile inatokaka. Ya pili ni ini. Ini imekauka, banaitaka sirozi. Ile haitoke."

Nikamwambia kabla hajauliza kwamba sinywi. Akasema anajua, kipimo kimeonyesha hepatiti B, kirusi ambacho wengine huzaliwa nacho na kukaa nacho miaka arobaini bila kusikia chochote. Akanipa vidonge vya kukituliza. Kuhusu jiwe, yuko daktari mtaalamu anayekuja Lubumbashi mara mbili kwa mwaka na mashine yake, anapitisha mpira kinywani mpaka kwenye mrija wa nyongo na kulitoa bila kupasua tumbo. Atafika mwisho wa Januari. Daktari Hilaire alinisisitizia nipeleke kurasa zote mbili, akapiga mstari chini ya neno "mbili" kwenye bahasha aliyozitia.

Nilitembea kwa miguu kurudi. Lile neno sirozi ninalijua. Watu wa mtaani hawajui Kifaransa cha hospitali, lakini hilo wanalijua wote, na tafsiri yake kwao ni chupa.

Jumamosi, 30 Novemba

Bertin alikuja baada ya zoezi, amevaa kofia yake ya kahawia. Kamati ilimtuma aje kunihimiza nitubu. Alilisema vizuri, kwa mafumbo mengi, na aya mbili za Biblia. Nilikwenda chumbani, nikatoa karatasi za daktari, na mkono wangu ukafanya jambo ambalo kichwa hakikuuagiza: ukachukua ukurasa wa kwanza tu.

Akausoma kwa kidole. Jiwe, mrija wa nyongo, milimita kumi na moja.

"Kumbe ni jiwe," akasema. Akavua kofia. "Papa Séra, ni paka jiwe tu?"

"Ni jiwe," nikasema.

Akanishika mikono yote miwili. Machozi yalimlengalenga, na nilimpenda wakati ule, lazima nikiri. Ukurasa wa pili nimeutia humu, ndani ya daftari, kati ya Oktoba na Novemba.

Jumapili, 1 Desemba

Mvua kubwa tangu mchana. Waliohudhuria: Bertin, Mama Clotilde, Deborah, Michée, soprano wote isipokuwa aliyejifungua, alto saba, tenori wanne, besi wawili pamoja na yule wa sikio moja. Jumla ishirini na watatu katika sebule ya watu wanane.

Waliingia wamelowa, wakaacha viatu nje vikanyeshewa. Ndoo ya unga, gunia la makala (limenunuliwa kwa Mwanabibi, nililiona fundo lake), mafuta, chumvi. Mama Clotilde akanipigia magoti kwa niaba ya wote, akaomba msamaha kwa maneno ya miezi miwili. Jiwe linaweza kumpata yeyote, akasema, hata mchungaji. Kila mtu akaitikia. Halafu wakaimba, wima, mgongo kwa mgongo, na bati likavuma, na wimbo wa tatu haukuanguka kwa sababu nilikuwa ndani yake.

Walipoondoka nililia. Sijui tangu mke wangu Alphonsine afariki kama niliwahi kusikia nyumba hii imejaa watu. Ndugu zangu walipanda treni ya Kasai mwaka tisini na tatu, tulipofukuzwa hapa sisi watu wa Kasai, mimi nikabaki. Barua zilikoma, kisha simu zikakoma. Kwaya ndiyo iliyokuwa jamaa.

Jumatatu, 9 Desemba

Waliohudhuria: Mama Clotilde na uyoga, Deborah na uyoga, Bertin na uyoga. Ni msimu wake. Sina hamu ya chakula lakini naula mbele yao.

Mama Clotilde nampa shukrani ila simwamini sana. Anatazama kila pembe ya nyumba, na ulimi wake unajulikana toka hapa mpaka mtaa wa Panda.

Jumatano, 25 Desemba

Nilisimama mahali pangu kwayani. Niliacha koti limefungwa ili tumbo lisionekane. Waliohudhuria: wote.

Alhamisi, 9 Januari

Homa ya kutetemeka siku mbili, kisha ikashuka. Daktari Hilaire anasema nyongo iliyozuiwa inaanza kuoza, na kwamba siwezi kukaa na jiwe hili msimu mwingine. Ameongeza dawa. Akauliza kama kurasa mbili ziko salama. Nikasema ziko salama, na huo ni ukweli.

Jumapili, 12 Januari

Kwaya imetangaza kwamba watu sita watanisindikiza Lubumbashi kutoa damu, maana hospitali inataka ndugu wa mgonjwa watoe, na mimi sina ndugu. Bertin alikuwa wa kwanza kuinua mkono. Watu walipiga makofi.

Jioni Mwanabibi alinikuta nikipalilia mboga za lengalenga. Akaniuliza daktari alisema nini juu ya ini. Nikajibu sote tunashughulikia jiwe kwanza. Akaniuliza karatasi ya ini iko wapi. Nikamwambia hayo ni mambo ya familia.

"Familia gani?" akauliza, bila ubaya, kama mtu anayetaka kujua bei.

Nikakasirika. Nilimwambia hajui maana ya kukaa miezi miwili bila mtu kubisha mlango. Nilimwambia watu wakisikia sirozi watakwenda, hata ndoo watakuja kuichukua. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si desturi yake.

"Bwana yangu naye aliogopa bantu benda," akasema. "Alificha ku docteur, alificha ku muskiti, alificha hata ku minye, bibi yake. Bantu hawakuenda, Papa Séra. Ni yeye alienda."

Nikaendelea kupalilia. Niling'oa magugu, niling'oa na lengalenga, sikuwa nikiona.

Jumatano, 15 Januari

Mvua. Sikumsalimia Mwanabibi. Naye amerudisha redio juu.

Jumanne, 21 Januari

Leo nilifungua kurasa za nyuma nikitafuta tarehe ya jubilei na nikamkuta François. Alikuwa tenori wetu wa kwanza, kijana wa miaka thelathini. Mwaka 2016 macho yake yakawa ya manjano na tumbo likatangulia. Hapo ndipo kamati ilipotunga kile kifungu cha ukurasa wa 41, na mimi nikakiandika na kukipigia mstari kwa rula. Mbele ya jina lake nimeandika "hayupo" mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili nimeandika "amefariki". Hakuna hata zoezi moja nililoandika kwamba tumekwenda kumwona, kwa sababu hatukwenda. Mama yake alikuja kanisani kusema mwanawe hanywi. Tulimwonea huruma kama mama anayemtetea mtoto.

Nimekaa na ukurasa huo mpaka giza likaingia, na umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo sikuweza hata kuusoma tena. Ninajua ningepaswa kufanya nini. Najijua pia.

Jumatatu, 27 Januari, Lubumbashi

Tumefika salama katika gari la Idrissa, mimi na watoa damu sita: Bertin, Mama Clotilde, Deborah, Michée na wengine wawili wa tenori. Malori ya madini yametubana njia nzima na matope yakafunika vioo. Waliimba kutoka Likasi hadi mlango wa hospitali. Wagonjwa waliokuwa kwenye foleni walidhani mimi ni mchungaji.

Daktari mtaalamu anaitwa Placide. Ana wagonjwa kumi na wawili kwa siku mbili za kwanza, anaongea akiandika. Bertin alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, mkono wake begani kwangu. Daktari akasoma ukurasa wa kwanza. Akauliza kama nina kisukari, moyo, pumu. Hapana. Akauliza: ini, uliwahi kuambiwa una ugonjwa wa ini?

Mkono wa Bertin ulikuwa wa moto na mzito. Nikasema hapana.

Akaandika. Mimi ni wa pili kesho.

Daftari ninalo, na ukurasa wa pili umo humu. Ninaulalia kichwani kama mto.

Jumanne, 28 Januari

Niandike yote kwa mpangilio.

Saa moja asubuhi muuguzi aliwatoboa watoa damu vidole, mmoja mmoja, ili wapimwe kabla ya kutoa. Halafu akaja kwangu, akachukua damu mkononi, akaweka pamba, akamwambia Bertin abonyeze dakika moja. Bertin akabonyeza. Pamba ikajaa. Akaomba ya pili, nayo ikajaa. Alikuwa akinong'ona Zaburi. Pamba ya tatu.

"Papa Séra," akasema, "damu yako inakatala kusimama."

Nikayaona yale mashati mawili kwenye kamba. Nikamwona François, hayupo mara kumi na moja. Nikiri pia kwamba si ushujaa ulionisukuma, niliogopa kufa, basi. Daktari Placide alikuwa anapita na faili langu chini ya kwapa. Nilimwita. Nikafungua daftari mbele ya watu sita wa kwaya, nikautoa ukurasa wa pili na kumpa.

"Jana nilisema bongo, nilidanganya," nikasema. "Niko na sirozi. Sinywi. Lakini niko nayo."

Wote walisikia neno. Nililisema kwa sauti ya besi, sauti haikutaka kushuka.

Daktari alisoma amesimama. Hakunigombeza. Alivuta kiti akaketi, mara ya kwanza tangu jana.

"Papa, kama ningekata leo na hii ini," akasema, "saa ine ungekuwa unamwanga damu, na minye sina mashine ya kuisimamisha."

Kisha akanieleza, nami naandika kama nilivyoelewa. Kazi yake ya kawaida ni kupitisha mpira, kukata kidogo mdomo wa mrija, na kulivuta jiwe. Kwa mtu mwenye ini zima hatari ni ndogo. Ini lililokauka halitengenezi vitu vya kugandisha damu, kwa hiyo pale anapokata panaweza kutoka damu bila kukoma. Mishipa ya kooni nayo huwa imevimba, mpira ukiikwaruza inapasuka. Uchafu wa nyongo unaweza kuingia kwenye damu, kongosho linaweza kuvimba, na dawa ya usingizi, ambayo ini zima huisafisha kwa saa chache, inaweza kukaa mwilini mpaka mtu apotewe na akili. Nikamuuliza kama basi tuache. Akasema kuacha pia ni kufa, kwa homa, pengine kabla ya Pasaka. Tutafanya kwa njia nyingine: siku tatu za maandalizi, sindano za vitamini na za kuzuia maambukizi, maji ya damu kutoka kwa watoaji, halafu ataingia bila kukata, ataweka tu mrija mdogo wa plastiki pembeni ya jiwe ili nyongo ipite. Jiwe litabaki. Hata hivyo huenda nikatoka damu, huenda nisirudi. Nilitia sahihi.

Nilipogeuka, Bertin hakuwepo. Muuguzi alikuwa amemwita chumba cha damu. Alikaa huko kama dakika kumi. Akatoka na karatasi akiikunja, akaitia mfuko wa shati, uso wake umekuwa wa mtu mwingine. Hakunitazama.

"Siye tulikuja juu ya jiwe," akasema, kwa sauti ndogo, akielekea mlangoni.

Deborah akamtazama Michée. Wale tenori wawili wakachukua mifuko. Waliondoka watano, kwa gari la watu wengine, kwa sababu Idrissa alikataa kuwasha lake. Mama yake, alisema, alimwambia asirudi Likasi bila mimi.

Mama Clotilde alibaki amekaa kwenye benchi, amekumbatia mkoba. Nilimwambia anaweza kwenda na wenzake. Akanijibu kwamba yeye ndiye aliyemwosha François alipofariki, na kinywani mwake hakukuwa na harufu yoyote, na amelibeba jambo hilo miaka tisa bila kumwambia mtu. Huyo ndiye niliyesema ana ulimi. Kisha akainua mkono wa gauni lake, akauliza wanatoa damu wapi.

Waliohudhuria: Mama Clotilde. Idrissa, ambaye si mwimbaji, ni Mwislamu, na anaogopa sindano mpaka alifumba macho.

Ijumaa, 31 Januari

Leo saa tano. Mvua nyembamba.

Jumapili, 2 Februari

Alphonsine amehudhuria. Yuko upande wa alto. Nimemwambia avue viatu. François amehudhuria. Treni imejaa, imejaa, namba 114, simameni. Mvua inanyesha ndani ya tarehe. Nani ameniandika hayupo

Alhamisi, 6 Februari

Nimesoma niliyoandika Jumapili na mwandiko si wangu ingawa ni wangu. Mama Clotilde anasema siku tatu nilikuwa nikilala mchana, nikiwaita wauguzi kwa namba za nyimbo, na nikamfukuza Idrissa nikidhani ni askari wa stesheni. Daktari alikuwa ameonya: ni ile dawa ya usingizi na ini langu. Walininywesha sharubati ya kuharisha mpaka akili ikarudi. Damu ilitoka pia, kikombe kimoja, kisha ikasimama. Mrija umekaa. Mkojo umeanza kuwa mweupe.

Niko hai. Naliandika ili nilione.

Jumanne, 11 Februari, Likasi

Nimerudi. Mwanabibi alikuwa amefagia uwanja wangu na kupaka lami bati la jikoni. Nikamshukuru. Akasema ni juu ya kelele ya ile sufuria, ilikuwa inamkosesha usingizi.

Jumamosi, 22 Februari

Zoezi la kwaya. Upepo ulikuwa wa upande mwingine, sikusikia kitu.

Waliohudhuria: Mama Clotilde, dakika ishirini, kabla ya kwenda kuimba. Bertin, anasema, siku hizi hamalizi zoezi. Nikamjibu kwamba aibu ni mzigo, na aubebe.

Jumapili, 2 Machi

Hakuna.

Jumapili, 9 Machi

Hakuna. Macho yangu ni meupe kabisa. Nilijitazama kwenye kioo muda mrefu, nikatamani mtu wa kumwonyesha.

Jumapili, 16 Machi

Hakuna. Nimemchukia Bertin wiki saba. Nimetunga hotuba ya kumwambia siku nitakapokutana naye, ina sehemu tatu. Naifanyia mazoezi nikipika.

Jumatano, 26 Machi

Daktari Hilaire ameridhika. Mrija utabadilishwa mwezi wa saba, mtaalamu akirudi. Niliporudi Mwanabibi aliniuliza habari, nikamweleza yote, na macho nikamwonyesha. Aliyakagua moja baada ya jingine kama anayenunua samaki.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua imekwisha, nadhani. Siku tatu hakuna wingu, na barabara imeanza vumbi.

Saa kumi alasiri amekuja mtu. Jina lake sitaliandika. Ni yule aliyesema walikuja kwa ajili ya jiwe.

Alifuta viatu mlangoni muda mrefu kuliko matope yaliyokuwepo. Alivua kofia. Akasifu bati. Nilikuwa nikiipanga hotuba yangu, sehemu ya kwanza ikiwa mdomoni. Ndipo akaingiza mkono mfuko wa shati na kutoa karatasi iliyokunjwa mpaka imekatika kwenye mikunjo. Akaiweka mezani, akaitandaza kwa viganja, akaisogeza upande wangu.

"Balinipatia hii ile siku," akasema. "Mbele nitoe damu. Banasema damu yangu haifai."

Ilikuwa ya chumba cha damu cha Lubumbashi, tarehe 28 Januari. Hepatiti B. Siku sitini na nane ameibeba mfukoni, hajamwonyesha mkewe, wala daktari, wala mchungaji. Siku ile mimi nilidhani alinikimbia mimi.

"Papa Séra," akasema, "minye sinywake."

Alisema huku akitazama viatu vyake. Nilikuwa na haki ya kucheka. Nilikuwa na haki ya kumsomea ukurasa wa 41. Hotuba ikaondoka yote, sehemu tatu, sijui ilikwenda wapi, na nilichosikia ndani yangu kilikuwa huruma tu.

"Najua," nikamwambia.

Nikamwekea chai. Nikamweleza kwamba kirusi si ini lililokauka, kwamba huenda ini lake bado ni zima, na viko vidonge. Nikamweleza Daktari Hilaire ni nani na mlango wake uko upande gani. Aliuliza kama nitaandika katika daftari kwamba alikuja. Nikamwambia nitaandika idadi. Tulikaa mpaka jua likashuka, yeye akishika kikombe kitupu. Alipokuwa anaondoka alinigeukia, akauliza, kama anayeomba jambo kubwa mno, kama kesho ningeweza kwenda naye kwa daktari.

Kesho saa moja asubuhi, mbele ya duka la Mwanabibi. Nimemwambia achukue kila karatasi aliyo nayo.

Waliohudhuria: wawili.